Konde

Chupa namba arobaini na moja imelia saa tisa usiku.
Ule mlio mwembamba, wa simu ya mtu anayedaiwa.
Nimevuta tone, nimepaka kioo,
zambarau, iodini, spiriti, wekundu,
nimeinama kwenye hadubini.

Si bakteria.
Ni vijiyai vya zambarau,
na kila kijiyai kimebeba mwana begani.

Nikasema ni uchafu:
ngozi ya muuguzi, glovu iliyotoboka,
pamba iliyopitishwa mkononi kwa haraka.
Huwa hivyo mara nyingi.
Nikaenda kulala na tumaini langu,
lililo chafu vilevile.

Arobaini na mbili ililia mchana.
Mkono mwingine, sindano nyingine.

Kesho yake sahani ilikuwa na vidoa,
vyeupe, vya maziwa yaliyokatika.
Nikafunua kifuniko kidogo tu
(hatufundishwi kunusa, tumekatazwa kunusa)
na nilikuwa Uru, kwa shangazi Ndeanasia,
siku ya tatu ya pipa la nyalu,
linapoanza kuongea lenyewe
chini ya majani ya mgomba.

Ni ukoo mmoja, huyu na yule.
Mmoja hutupa povu la mbege na kelele za posa.
Mwingine amepita kwenye mpira wa dripu,
akakuta nyumba haina mlinzi,
dawa za saratani ya damu zimewafagia wote.
Mimi ndiye mhesabuji, nilitafuta chembe nyeupe
kioo kizima, nikapata mbili,
nazo zimekaa mbalimbali kama waliokosana.
Akapanda hadi moyoni mwa Eliakunda Lyaruu,
fundi baiskeli, mkazi wa Pasua,
ambaye kwa damu hii
hakuna wa kuthubutu kumpasua.

Kwa kawaida siwajui. Najua namba.
Huyu nilipanda ngazi kumwona,
nikajifanya nimepeleka fomu.

Daktari alikuwa amegeuza kioo cha picha kumwelekea.
"Hapa, kwenye valvu, kuna kitu kimeota."
Kilikuwa kinapunga, moyo ukifunga, moyo ukifungua.
Eliakunda alitazama sana, kifundi.
"Kama tambara lililonasa kwenye spoku," akasema.
"Ukiendelea kuendesha, litajizungusha, au litakatika."
Daktari hakujibu. Ndivyo ilivyo hasa.
Likikatika litakwenda na damu, liende litakako.
Kisha fundi akacheka kidogo:
"Kimeota! Na mimi nimelala humu wiki tano
naota kuota jua."

Mkewe, Aikande, alimshika kifundo cha mguu juu ya shuka.
"Jipige moyo konde, baba Anaeli."

Tunasema hivyo sote. Nimewahi kusema.
Lakini konde ni ngumi, na konde ni shamba,
na mle ndani nimeona kilichopandwa.

Dawa ipo stoo: vichupa sita.
Inatakiwa wiki sita.
Humtetemesha mtu mpaka kitanda kinagonga ukuta,
na figo hulipia deni lisilo lao.
Shemeji zake wameuza ng'ombe wa maziwa,
mmoja yuko Dar anazunguka maduka ya dawa
akituma picha za maboksi: Ni hii? Ni hii?

Jumatatu wamemchukua damu tena.
Niliziingiza chupa mwenyewe,
nikaandika namba kwa mwandiko wa shuleni.
Leo ni siku ya nne. Nje ukungu umeshuka
mpaka kwenye waya wa kuanikia makoti,
na shangazi amenitumia ujumbe:
mbege ya Jumamosi imekubali, njoo.

Sijamjibu.
Nimesogeza kiti karibu na kabati la joto.
Halijalia.
Nalisikiliza linavyonguruma taratibu, nyuzi thelathini na saba,
joto la mtu mzima, mwenye afya,
aliyelala.